Aliyepokea wa Kwanza

Jodian Bewley hakuwahi kuchelewesha fungu lake la upatu, na jambo hilo alipenda watu walijue. Kila Jumamosi, kabla ya saa nne asubuhi, alikuwa amekwishapanda ngazi tatu za kibaraza cha shangazi yake pale Christiana, akaweka dola elfu kumi za pale kisiwani mezani karibu na cherehani, akasimama mpaka zimeandikwa. Majuma kumi na saba mfululizo. Mvua ilinyesha, akaja. Gari liligoma, akaja na teksi. Wenzake kumi na tisa walikuwa na visa vyao: huyu kauguliwa, yule mshahara haujaingia. Yeye hakuwa na kisa hata kimoja.

Kisa chake kilikuwa kwamba fedha hizo, nyingi zake, alikuwa anazikopa.

Mtu na akili zake, tena fundi wa maabara ya hospitali, msomi wa chuo kikuu, anakopa kwa riba ili aweke akiba isiyozaa hata senti! Lakini ungemuuliza mwenyewe angekueleza vizuri tu, nawe ungetikisa kichwa ukakubali, maana kupanga maneno alijua. Deni la gari lilikuwa linakatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Mwenye nyumba wake kule Mandeville hana dogo. Mkopo wa chuo ulitaka elfu ishirini na nane kila mwezi, na huo ndio alioona unaweza kungoja, kwa sababu anayeudai yuko Kingston, hamjui sura, wala hasali naye kanisa moja. Upatu haungoji. Kijumbe wa upatu, mwenye kukusanya na kushika fedha za wote, ni shangazi yake, Bi Icilda, na anayeshindwa kutoa fungu kwa Bi Icilda habari zake zinafika mji jirani wa Spaldings kabla hajafika nyumbani kwake. Basi, ili ajiandae, miezi miwili kabla ya duru kuanza akauruka mkopo wa chuo mwezi wa kwanza. Wa pili akauruka. Simu za Kingston zilipozidi, akaihifadhi ile namba kwa jina la "Usipokee", na kweli hakuipokea. Barua zilikwenda kwenye bweni alilokuwa akikaa enzi za masomo, na huko hakuna aliyejua alikohamia.

Pamoja na kuruka kote huko, fungu la Jumamosi bado halikupatikana. Ndipo alipogundua duka la mikopo ya haraka, ghorofani, juu ya mkahawa wa kuku. Alichukua elfu sitini, kisha elfu sitini nyingine. Kila mwezi aliwalipa elfu kumi na mbili za riba tupu, na deni lenyewe likabaki palepale linamtazama. Hakujali sana. Zamu yake ya kupokea ilikuwa ya ishirini, ya mwisho. Siku hiyo angeshika laki mbili taslimu, angewalipa Kingston, na dunia ingekaa sawa.

Zamu ya mwisho hakuichagua. Ndugu wa kijumbe hupokea mwisho. Hiyo ilikuwa sheria ya Bi Icilda, na Christiana nzima ilijua ilikotoka. Miaka ishirini na moja nyuma, kaka yake Linval, babake Jodian, aliomba zamu ya kwanza. Akapewa, kaka mtu. Akapokea Jumamosi, na Jumatano akapanda ndege kwenda Florida kuchuma machungwa. Machungwa hayo anayachuma mpaka leo. Bi Icilda alimlipia kaka yake mafungu kumi na tisa kwa kushona sare za shule, na mtoto wa miaka sita aliyeachiwa mlangoni akamlea kama wake. Hakumsema Linval sana. Aliandika tu ile sheria kwenye jalada la daftari, kwa wino mwekundu.

Jumamosi ya kumi na nane Jodian alimkuta shangazi yake amekaa na bahasha mapajani.

"Afadhali umewahi," alisema Bi Icilda. "Posta wamenipa barua ya kutilia sahihi. Nikajua tayari, nimeshtakiwa. Hebu nisomee, mwanangu. Miwani hii ya kazini siku hizi inanionyesha sindano mbili, na ile nzuri ni ya kanisani."

Jodian aliifungua. Barua ilikuwa inamwambia Bi Icilda Bewley, mdhamini, kwamba mkopaji wake amelimbikiza deni la miezi sita. Pamoja na faini, anadaiwa laki moja na elfu themanini na sita. Zisipolipwa kufikia Alhamisi ya tarehe kumi na saba, bila nyongeza ya hata siku moja, majina ya mkopaji na mdhamini yatatoka kwenye orodha ya wadaiwa sugu, gazeti la Jumapili.

Zamu ya Jodian ilikuwa Jumamosi ya tarehe kumi na tisa. Alirudia kuhesabu kwa macho, siku zikabaki zilezile mbili.

"Wanasemaje?"

"Ni wale wa mikopo ya wanafunzi, Shangazi. Wanahakikisha anwani za wadhamini. Kama bado unakaa hapa."

"Sasa nihamie wapi, mimi? Waambie bado nipo, na paa bado linavuja palepale pa siku zote." Akacheka, akavuta daftari. "Haya, lete fungu lako tuandike."

Watu wa mbali wanaweza kudhani jina gazetini ni aibu ya wiki moja halafu watu wanasahau. Kwa fundi wa nguo, labda. Kwa kijumbe sivyo. Bi Icilda hakuwa na kasiki, wala mlinzi, wala karatasi yenye muhuri. Alikuwa na daftari la shule la kurasa themanini na jina lake. Watu walimwachia laki mbili kila wiki kwa sababu jina hilo halijawahi kutajwa pamoja na neno deni. Likitajwa mara moja, nani atampa fedha zake ashike? Hilo Jodian alilijua vizuri kuliko yeyote, kwa kuwa jina hilo ndilo lililomlisha.

Jumatatu akapanda ngazi za juu ya mkahawa wa kuku.

"Dada Jodian!" Kirkland, kijana wa tai nyekundu aliyekuwa akiwahudumia wakopaji, alisimama kabisa. "Mteja wangu kipenzi. Umekuja kupunguza?"

"Nimekuja kuongeza. Laki moja na themanini na sita. Za siku chache tu, Jumamosi ya tarehe kumi na tisa nakurudishia zote."

Kirkland akakaa. "Dada yangu, kila anayekaa kwenye kiti hicho ana Jumamosi yake. Wewe umeshajaa. Mashine yenyewe itakukataa kabla yangu."

"Napokea upatu siku hiyo. Laki mbili."

"Kwa nani?"

"Kwa Bi Icilda, Christiana."

"Ala! Bi Icilda ni nani wako?"

"Shangazi."

"Sasa tunahangaika nini?" Kirkland akavuta fomu kutoka kwenye droo, akatia alama ya msalaba kwa penseli pembeni mwa mstari wa chini. "Aje awe mdhamini. Au asije, mpelekee atie sahihi, pale nilipoweka alama. Hati ya kiwanja siitaki, stakabadhi ya mshahara siitaki. Jina la yule mama linatosha."

Jodian aliitazama ile fomu. Hakuwa mpumbavu, aliona anachoombwa. Jina analotaka kuliokoa ndilo anaambiwa aliweke rehani. Lakini mpango ulikuwa unakwenda: sahihi Jumamosi hii, fedha Jumatatu, Kingston Jumanne, upatu Jumamosi inayofuata, Kirkland analipwa siku hiyohiyo na cha juu. Hakuna atakayejua, hakuna atakayeumia. Aliikunja akaitia mkobani. Akishuka ngazi aliona aibu, lakini si ya kumrudisha juu.

Jumamosi ya kumi na tisa alifika saa mbili, kabla ya wenzake wote. Supu ya Jumamosi ilikuwa tayari motoni, boga na viazi vikuu vinanukia mpaka barabarani. Bi Icilda alikuwa anakata kitambaa cha buluu cha sare.

"Leo umeota nini, mbona asubuhi hivi?"

"Kuna karatasi ndogo, Shangazi. Unatakiwa utie sahihi."

"Ya ile anwani?"

"Mm."

Bi Icilda akaweka mkasi, akafuta mikono kwenye aproni, akachukua kalamu ya daftari. "Niweke wapi?"

Jodian akamwekea kidole penye msalaba wa penseli.

"Siku ile ya kwanza pia ulinionyesha kwa kidole hivi hivi," alisema Bi Icilda, akiinama. "Unakumbuka? Unaenda chuo. Umevaa lile gauni la njano nililokushonea, na kidole kinatetemeka. Yule bwana wa ofisini akaniuliza, mama, una hakika atalipa? Nikamwambia huyu atalipa, tazama anavyoogopa."

Akaanza kuandika. Alikuwa na mwandiko mkubwa, wa taratibu, wa mtu anayechora mshono. Alipomaliza herufi ya kwanza Jodian akaivuta ile karatasi, na wino ukapita ukikata fomu nzima.

"We! Una nini?"

"Usitie, Shangazi. Si ya anwani."

Akamwambia. Alianza na ile barua, akarudi nyuma kwenye gari, akaja kwenye simu alizokuwa hapokei, akamalizia na Kirkland. Hakupanga maneno safari hii. Yalipokwisha, Bi Icilda aliingia ndani, akatoka amevaa miwani ya kanisani, akanyoosha mkono apewe barua. Kumbe bado anayo mwenyewe kwenye kikapu cha vitambaa; akakumbuka, akaitafuta. Aliisoma yote, midomo ikitembea, hata anwani ya ofisi na namba ya simu ya chini. Kisha akaisoma fomu. Kisha akafungua daftari.

"Mafungu haya niliyokuandikia, kumi na nane. Mangapi yako?"

Jodian akahesabu. "Sita."

"Sita," alisema Bi Icilda, na uso wake ukawa mzee ghafla. "Na mimi naandika. Kila wiki naandika, namwambia Mzee Everald, mtazame Jodian, hachelewi."

"Nilitaka usiaibike, Shangazi."

"Nikuulize kitu. Ulipokwenda chuo, ile ada ilitoka wapi?"

"Ni mkopo. Si unajua?"

"Ulipokea."

"Ndiyo."

"Ulipokea wa kwanza. Miaka minne unapokea wewe, na wanafunzi wenzio wamekaa wanasubiri zamu. Ukasoma, ukamaliza, ukapata kazi, ukapata gari. Halafu ukaacha kutoa." Alivua miwani. "Nimeshamwona mtu wa namna hiyo. Na yeye nilimpenda."

Jodian alilia hapo, kwa sauti, kama mtoto aliyechapwa. Miaka ishirini na moja alikuwa anajisifu moyoni kwamba yeye si babake. Bi Icilda alimwacha alie. Hakumshika, na hakumfukuza. Alikwenda kuangalia supu.

Saa nne kibaraza kilikuwa kimejaa. Mzee Everald, mkulima wa viazi mwenye zamu ya siku hiyo, alikaa karibu na meza na kofia yake magotini. Bi Merdella, muuza samaki wa kukaanga, alikalia kiti kizuri kama kawaida yake. Bi Icilda alisimama.

"Jumapili ya wiki ijayo mtaona jina langu gazetini," alisema. "Orodha ya wadaiwa. Nilimdhamini huyu mtoto chuoni, naye hakulipa. Mnisikie mimi kwanza, msije mkasomewa na watu."

"Makubwa haya!" alisema Bi Merdella. "Jodian huyuhuyu? Jodian wa kabla ya saa nne?"

"Ndiye."

"Kiasi gani?" aliuliza Mzee Everald.

"Laki na themanini na sita. Mwisho Alhamisi."

Mzee akakuna kidevu. "Sasa hapo pana shida gani? Leo napokea mimi, wiki ijayo anapokea yeye. Tubadilishane. Mbegu za viazi zinaweza kukaa wiki moja, hazina miguu. Mpe mtoto zamu yangu, alipe, yaishe."

Watu wakaitikia. Hata Bi Merdella aliitikia. Jodian aliinua uso, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akavuta pumzi mpaka chini.

"Hapana," alisema Bi Icilda.

"Mwenye zamu ni mimi, nami nimekubali!"

"Wewe umekubali. Linval naye mlimkubali. Mlikaa hapa hapa, mkasema mpe tu, ni kaka yako." Akalifunga daftari, wino mwekundu wa jalada ukawaelekea. "Ndugu yangu haruki zamu."

"Lakini ni jina lako, mama!"

"Ni langu, ndiyo. Wao wakiliandika gazetini, wameliandika wao. Nikivunja sheria yangu kwa sababu ya damu yangu, nitakuwa nimelifuta mwenyewe." "Mzee Everald, hesabu zako hizi. Mbele ya watu."

Mzee alihesabu laki mbili zake kwa huzuni, kana kwamba amekabidhiwa samansi.

"Mimi zamu yangu nimeshapokea tangu wiki ya tano," alisema Bi Merdella akijiinua kitini, "na nimetoa mpaka leo. Lakini duru ijayo, Icilda, usiniudhikie, nitafikiri."

"Fikiri, Merdella. Fedha ni zako."

Alhamisi ikapita. Jumamosi Jodian alipokea zamu yake mbele ya kibaraza kizima, noti zikihesabiwa mara mbili kama za mtu mwingine yeyote. Jumapili gazeti likatoka. Bi Icilda alilinunua mwenyewe kwa mara ya kwanza baada ya miaka, akalifungua kwenye ngazi za kanisa, akajitafuta kwa kidole mpaka akajiona. Bewley, Icilda, mdhamini. Juu yake Bewley, Jodian.

"Naona aibu," alimwambia Jodian, aliyesimama kando yake akiwa hajui ashike nini. "Nilidhani nitajikaza. Naona aibu kweli."

Siku hiyo hakukaa na wanakwaya wenzake. Alikaa kiti cha nyuma, karibu na mlango, na Jodian akakaa naye. Waliopita walisalimia kwa haraka.

Jumatatu Jodian alikwenda Kingston akalipa. Aliifuta namba ya "Usipokee", akaandika jina halisi la ofisi. Gari alilirudisha kwa waliomkopesha, kwa hasara, akawa mtu wa teksi. Elfu kumi na nne zilizobaki alimpelekea Kirkland, na Kirkland akauliza tena habari za mdhamini.

"Sina mdhamini," alisema Jodian. "Nitakulipa mwenyewe, kidogokidogo, na fomu yako hii baki nayo."

Jumamosi iliyofuata duru mpya ilianza. Mafungu yalikuwa ishirini siku zote. Siku hiyo walikuja watu kumi na watatu. Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Everald, amevaa shati la kwendea harusini, akatoa fungu lake. Bi Merdella alituma salamu kwamba jino linamsumbua. Wengine hawakutuma hata jino. Bi Icilda aliandika majina kumi na matatu, akaiacha mistari iliyobaki wazi, na Jodian, aliyekuwa anatazama ile mistari, alijua ni ya nani.

Zamu yake ya kutoa fungu ilipofika aliweka elfu kumi mezani.

"Ya nani hii?" aliuliza Bi Icilda. Aliuliza mbele ya wote.

"Yangu. Mshahara wa jana."

"Mkopo wa chuo umetenga?"

"Nimetenga, Shangazi. Na wa Kirkland."

Bi Icilda aliitazama ile fedha, kisha akairudisha kwa kidole mpaka ukingoni mwa meza, upande wa Jodian.

"Upatu wako wewe uko Kingston. Huko ndiko utatoa. Mimi niletee stakabadhi tu, kila mwezi, niandike." Akafungua daftari kwenye kurasa tupu za mwisho, akaandika Jodian juu kabisa, akachukua rula. "Imebaki miezi mingapi?"

"Tisini na minne."

Mtu mmoja nyuma akapiga mbinja. Bi Icilda akaanza kupiga mistari, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Alifika chini ya ukurasa, akafungua wa pili yake.

Jodian alijaribu kutabasamu. "Na mimi zamu yangu ya kupokea ni lini, Shangazi?"

"Ulishapokea," alisema Bi Icilda, akaendelea kupiga mistari.